Tusiwaite Wezi Vijana Wanaorudi Kutoka Kariakoo



Tumesikia maneno dukani na penye mizani ya korosho. Kijana akirudi tu kutoka Kariakoo, anaitwa kibaka. Wengine wanafungia kuku akipita! Kamati haikupendezwa.

Wazee mnakumbuka operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Dar es Salaam walikamatwa watu wasio na kitambulisho cha kazi, wakaitwa wazururaji. Humo walikuwamo wachuuzi wa barabarani, watu wa jasho kabisa. Wakapakiwa magarini kupelekwa vijijini, na wengi wakarudi mjini kimyakimya. Sasa mtu aliyekwisha kuitwa mzururaji mbele ya jirani zake, nani atamdhamini apate kazi? Mchana anamkwepa askari, usiku anazoeana na wanaotembea usiku. Hapo ndipo jina linapozaa mwizi.

Desemba 2018 wachuuzi kama hao, hata wa mtaa wa Kongo, walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Bidhaa zilezile, jua lilelile, ila wakaitwa wajasiriamali wadogo.

Hatusemi wezi hawapo. Aliyeiba ashitakiwe. Lakini kule sokoni mtu akipigiwa kelele "mwizi!", mawe huanza kabla ya maswali. Hapa hatutaki.

Yule kijana aliyerudi mwezi uliopita ameomba kubeba magunia ghalani. Tumekubali. Anaanza Jumatatu saa moja asubuhi, ujira sawa na wenzake. Mwenye ushahidi juu yake auone uongozi, siyo kusema kisimani.