Kikombe Kilichokosa Kutajwa

Leo tunazungumzia hedhi. Nyinyi wavulana mnaojificha nyuma ya madaftari, kaeni hapa hapa. Hata nyinyi mna dada zenu nyumbani.

Je, umewahi kukiona kikombe cha hedhi? Ni kikombe kidogo, laini, chenye umbo kama la kengele. Msichana hukikunja na kukiingiza ukeni, kikafunguka humo na kukinga damu. Pedi hufyonza, hiki hukinga. Kikijaa anakitoa, anamwaga, anakiosha, anakirudisha. Wengi hudhani ni kitu cha juzi juzi. La hasha!

Katika Marekani alikuwepo mwigizaji wa jukwaani, Leona Chalmers. Mwaka 1937 alipewa hati ya kumiliki ubunifu wa kikombe cha mpira. Kabla yake, tangu karne ya 19, wengine walikwisha andikisha vyombo vya namna hiyo, lakini yeye ndiye aliyeingia sokoni kweli kweli. Mara vita! Wajapani waliteka Malaya mwaka 1942, mpira ukawa adimu, na kikombe kikasimama.

Miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea mwisho, mfanyabiashara Robert Oreck alishirikiana na Chalmers kukirudisha kwa jina la Tassette. Hapo ndipo penye kisa. Utauzaje kitu ambacho hata kukitaja ni mwiko? Matangazo yalilazimika kuzungukazunguka. Oreck aliweka bango kubwa mtaa wa Broadway, New York, lakini mpita njia angeelewaje bango lisilosema kitu kinawekwa wapi? Aligawa vikombe bure kwa wauguzi, ili wao wawaeleze wanawake. Hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa akili kuliko bango.

Hata hivyo kampuni ilifungwa miaka ya 1960. Aibu ilichangia, maana mwanamke alitakiwa kujigusa, na wengi walifundishwa kwamba kujigusa ni vibaya. Lakini fikiri kidogo kama muuza duka. Mteja wa pedi anarudi kila mwezi. Mteja wa kikombe umemwona leo, utamwona tena lini? Baadaye wakatoa Tassaway, kikombe cha kutupwa baada ya kutumiwa, nacho hakikudumu. Cha mpira kilirudi Marekani mwaka 1987 kwa jina la Keeper, na mwaka 2002 Mooncup ya Uingereza ikaja na cha silikoni, kinachowafaa hata wenye mzio wa mpira.

Sasa, jambo lile lililomshinda Oreck limetokea karibu nasi. Watafiti waliwapa wasichana wa shule za msingi magharibi mwa Kenya vikombe. Mwanzoni wengi waliogopa: kitapotelea ndani? Kitauma? Kadiri miezi ilivyopita, na marafiki walivyosimuliana, watumiaji wakaongezeka. Na mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43, zenye washiriki kama 3,300. Kikombe kilivujisha sawa na pedi au pungufu yake.

Hakiwezi kupotelea ndani, kwani mlango wa kizazi ni mdogo mno. Lakini utando wa ukeni unaweza kunyooka au kuchanika kidogo, na ni vema ulijue hilo kabla, si baada. Nawa mikono kwanza. Usikiache zaidi ya saa 12. Kichemshe kabla na baada ya siku zako. Kama shuleni hakuna maji safi wala choo chenye mlango, pedi inaweza kukufaa zaidi, na hakuna wa kukucheka. Ukipata homa ya ghafla pamoja na vipele, kitoe haraka uende hospitali.

Haya, maswali. Wewe dada uliyeinua mkono ukaushusha, hebu uinue tena.