Nyumba ya Tope ya Kwihara na Paa Letu la Bati
(Maneno ya kamati ya fedha kwa wanachama, kabla ya harambee)



Mmezoea kutuona hapa tukisoma mapato na matumizi. Safari hii hesabu zote zimechapwa mwishoni mwa kijitabu hiki, kila mmoja atazisoma kwa nafasi yake. Sisi tunaomba dakika chache tuzungumze habari za nyumba mbili, moja ya Tabora na moja ya kwetu.

Mwaka huu wachache kati yetu tulikwenda nyumbani kwa treni badala ya basi, tukashuka Tabora kupumzika. Tabora ni mji wa reli hasa. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la kwenda Mwanza, lile linalopita Shinyanga, likakamilika 1928. Tukadhani tutaangalia stesheni, tule wali, tulale. Dereva wa bodaboda ndiye aliyetuuliza kama tumeshafika kwa Livingstone.

Kwihara iko kilomita chache tu kutoka mjini. Tembe lenyewe ni la enzi za Malkia Victoria, ila msitarajie jumba la Kizungu. Ni nyumba ya udongo, kuta nene, paa bapa, imejengwa kwa mtindo wa Waarabu wa njia ya misafara. Henry Stanley alifikia hapo mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Agosti mwaka huo Mtemi Mirambo akaishambulia Tabora, na Stanley akaamuru watu wake watoboe matundu ya bunduki kwenye kuta za udongo, akingoja vita vimfikie. Havikumfikia. Baadaye alimkuta Livingstone Ujiji, wakarudi pamoja, wakaingia Kwihara Februari 18, 1872. Stanley aliondoka Machi. Mzee alibaki hadi Agosti 25, akingoja wapagazi na vifaa kutoka Unguja. Miezi zaidi ya mitano ya kungoja! Aliyewahi kusubiri fedha za mradi anaielewa hali hiyo.

Alikufa mwaka uliofuata, Mei 1, 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu kuelekea pwani, wakapita tena hapohapo Unyanyembe. Huko wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike palepale. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo.

Mmoja wetu aliuliza, na aliuliza kwa haki, kwa nini tutunze nyumba ya Mzungu na ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Tulibishana njia nzima kurudi mjini. Wengi wetu tuliona kwamba mizigo iliyoshushwa pale ilibebwa na mabega ya Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma, na nyumba ikibomoka, na habari zao zinapungukiwa mahali pa kusimuliwa.

Lakini kilichotukaa sisi watu wa mahesabu ni udongo. Nyumba ya leo si tope lilelile la 1872, imekwisha kukarabatiwa na kujengewa upya kwa sura ya zamani. Paa bapa la udongo halisamehe. Maji yakituama, yanapenya. Mchwa wakiingia kwenye boriti, hawatoki wenyewe. Nyumba kama ile lazima ikandikwe tena na tena, na kila mara lazima awepo mtu wa kulipa. Akikosekana kwa misimu michache tu, inarudi kuwa kichuguu.

Siku mbili baadaye tukawa Buseresere, mbele ya nyumba ya mwalimu tuliyoichangia sisi wenyewe. Tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji. Mnaikumbuka siku ya kukabidhi: utepe, picha, pilau. Mfereji wa maji umeng'oka upande mmoja, maji ya paa yanapiga kona ya msingi, ukuta umefanya ufa unaopitisha kidole. Fremu ya mlango wa nyuma imeliwa na mchwa. Mwalimu amehama, amepanga chumba mjini. Nyumba ya bati na saruji imezeeka upesi kuliko tope la Kwihara, kwa sababu ile ina mtu wa kuitazama na hii haina.

Tulipofungua vitabu vyetu, nyumba hiyo bado imeandikwa kwa thamani ileile ya siku ya kukabidhi, kana kwamba haijanyeshewa mvua hata moja. Hilo ni kosa letu sisi wa kamati, wala hatumsingizii mtu. Wakaguzi hawakuuliza, nasi hatukusema. Na fungu la matengenezo? Tangu chama kianze hatujawahi kuliandika. Harambee zetu zote ni za kujenga, maana jengo jipya linabandikwa jina la mchangiaji, na misumari ya bati haimpatii mtu makofi.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Katika kila shilingi 100 itakayopatikana leo, 15 ziingie kwenye mfuko wa matengenezo, katika akaunti ya peke yake, yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mkazi wa nyumbani, asiwe mtu wa Dar wala Mwanza. Mapaa yakaguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, na taarifa ya ukaguzi isomwe hapa kama inavyosomwa ya fedha. Tunajua maana yake: darasa jipya lililopangwa litachelewa. Wapo watakaonung'unika, na wana haki ya kusema kabla hatujapiga kura.

Kazi ya kwanza ni nyumba ya mwalimu. Fundi ameshapima mfereji, ufa na mlango, na makadirio yake yako kwenye meza ya mweka hazina, pale karibu na lango. Anataka kuanza kabla ya mvua za Novemba.