Kima cha chini cha mshahara, na hesabu ya jikoni kwetu

Hii ndiyo hotuba niliyotoa Jumamosi kwa kikundi chetu cha vijana hapa Umoja. Wengi mliuliza iko wapi, basi nimeiandika vile niliisema. Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama.



Kila tarehe 1 Mei watu hukaa mbele ya TV wakingoja asilimia. Mwaka wa 2022 ilikuwa 12. Mwaka wa 2024 ilikuwa 6. Kati ya 2018 na 2022 haikuwa kitu, miaka minne mizima, na unga haukungoja. Jioni hiyo mjadala unaanza: mmoja anasema wafanyakazi wananyonywa, mwingine anasema mishahara ikipanda kampuni zitafunga, na sisi tunachagua upande kulingana na nani tunampenda. Leo wacha tuangalie kwanza hii kitu inafanya kazi aje.

Kutangazwa jukwaani si sheria. Sheria ni ile amri ya mishahara ambayo Waziri wa Leba anachapisha kwa Gazeti Rasmi. Ile asilimia 6 ya Mei 2024 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Novemba. Kwa hivyo ulishangilia Mei, lakini mwajiri angekulipa kiwango cha zamani hadi Oktoba na asivunje sheria. Hapo wengi hukosana na bosi bure.

Kwa hiyo amri, kibarua wa kawaida hapa Nairobi ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Huyo ni mtu wa kufagia, mtu wa mkono, na pia, sikizeni vizuri, mfanyakazi wa nyumbani. Kule shambani ni karibu elfu 8. Na hiyo haijaingiza nyumba. Kama mwajiri hakupi mahali pa kulala, anaongeza asilimia 15 juu, inafika kama 18,530. Nikiuliza hapa nani anajua hiyo 15, naona mikono miwili.

Na huwezi kusaini uiachilie. Hata mkiandikiana kwamba umekubali elfu 9, hiyo karatasi haishindi amri. Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 inasema kima cha chini kinakuwa sehemu ya mkataba wako, mpende msipende, na mwajiri anayelipa chini yake anatenda kosa.

Hii vita si ya jana, na ilipita hapa kwetu. Mnaijua Kaloleni Social Hall? Tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alisimama ndani ya huo ukumbi akadai uhuru. Tarehe 15 Mei akakamatwa, na kesho yake mgomo mkubwa ukaanza Nairobi. Moja ya madai ya wagomaji ilikuwa mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Singh alikaa kizuizini miaka 11. Halafu mwaka wa 1954 kamati ya serikali yenyewe ya kikoloni, ile ya Carpenter, ikakubali kwamba mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa mwanamume mmoja asiye na familia. Nyumba nyingi za zamani huku Eastlands zilijengwa na wazo hilo hilo: kitanda cha mfanyakazi, mke na watoto wabaki mashambani. Ukiingia chumba kimoja ukute watu sita, jua hiyo hesabu ilipigwa zamani, na mtu alilipwa kuipiga.

Sasa nije kwa ile sehemu nilikuwa naogopa kusema.

Mama yangu hupakia bidhaa kwa kiwanda fulani Industrial Area. Analipwa kima cha chini na hiyo ya nyumba. Toa NSSF, toa asilimia 2.75 ya bima ya afya, toa 1.5 ya ushuru wa nyumba, anabaki na kama 16,600. Kodi yetu ni 7,500. Anatoka saa kumi na moja asubuhi kwa miguu, na tuna mdogo wetu wa miaka minne. Kwa hivyo kuna dada anakaa na mtoto. Tunamlipa 6,000.

Mnaona shida iko wapi. Sheria inayomlinda Mama kazini ndiyo hiyo hiyo inamlinda dada jikoni kwetu, na kiwango ni kimoja. Mama akimlipa dada 16,113, anabaki na kama shilingi 500. Dada analala kwetu, hivyo ile 15 ya nyumba haipo, lakini kusema "anakula kwetu" hakufuti elfu 10. Mshahara ni pesa, si ugali. Mwaka mzima nimekuwa nikiandika hapa kuhusu waajiri wabaya, na kwetu nyumbani tunavunja amri kila mwisho wa mwezi.

Nilimwuliza Mama. Akanijibu, "Basi kaa na mtoto wewe, uache chuo." Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo nikisikia mtu akisema kima kikipanda wadogo wataumia, simcheki tena. Mwenye kibanda cha kuchomelea Kariobangi na vijana wawili anaweza kuumia kweli. Lakini angalieni nani hubeba hiyo hoja kwa TV. Huwa ni mwenye geti kubwa, yule ambaye asubuhi watu mia wanasimama nje wakingoja kuitwa kibarua, na yule kibarua amekuwa "wa leo tu" kwa miaka mitatu. Huyo anajificha nyuma ya mama yangu. Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, inasema ukifanya kazi mfululizo siku za kutosha kufika mwezi mmoja, wewe si kibarua tena: unahesabiwa mfanyakazi wa mwezi, na mapumziko yako na notisi yako.

Kwangu mimi, kumwachia Mama mzigo wa dada ndiyo makosa yanapoanzia. Mahali pa kulea watoto karibu na viwanda, palipolipiwa na kaunti au na waajiri wakubwa, pangesaidia mishahara yote miwili. Hiyo sijaisikia kwa mdahalo hata mmoja. Ni rahisi kutaja asilimia. Na msisahau zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanaofanya kazi nchi hii wako jua kali, ambako hiyo amri hufika kama uvumi. Mama fua anayeketi ukutani kungoja kuitwa, nani atampelekea afisa wa leba?

Kwa anayelipwa chini yake leo: usitupe meseji za M-Pesa, hizo ni ushahidi. Andika siku ulizofanya kazi, hata kwa daftari la mtoto. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wa mwajiri, si wako. Una miaka mitatu ya kudai, baada ya hapo mlango unafungwa. Wafanyakazi wa nyumbani wana chama, KUDHEIHA. Nambari yao nilimpa dada mwenyewe, Mama akiwa amekaa hapo.

Kuanzia mwezi huu tunamlipa 8,000, zile elfu mbili zinatoka kwa kazi yangu ya wikendi. Jumapili ni yake yote, sheria inampa siku moja kwa saba na hatukuwa tunampa. Bado ni nusu tu ya inavyotakiwa. Ameniambia anaandika.

Mwenye swali aulize.