MMEA WA NDANI UNAHITAJI MTUNZAJI MMOJA
(Maelezo yaliyotolewa kwa kamati za parokia, Tabora)



Nimeombwa nizungumzie ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya njano, tunaouona maofisini, sebuleni na katika vyumba vya kusubiria wagonjwa. Kitaalamu unaitwa Epipremnum aureum. Asili yake ni kisiwa cha Moorea, katika Bahari ya Pasifiki.

Tabora imezoea kupokea mimea ya mbali. Miembe iliyopandwa kando ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia hapa hadi Ujiji, asili yake ni Asia. Lakini mwembe ukishashika hujitafutia maji ardhini. Mmea wa ndani hauwezi. Uhai wake umo mikononi mwetu.

Kwanza, maji. Mmea huu huuawa zaidi na maji mengi kuliko kiu. Asubuhi katibu anamimina kikombe, mchana mhudumu, jioni mlinzi. Mizizi inakosa hewa na kuoza, majani yanageuka njano, nasi tukidhani una kiu tunaongeza tena. Chomeka kidole kwenye udongo. Kama juu pamekauka kiasi cha pingili moja ya kidole, mwagilia hadi maji yatoke chini. Kama pana unyevu, uache. Septemba na Oktoba, joto linapokuwa kali, udongo hukauka upesi. Mvua zikianza Novemba, hukawia kukauka. Tunajua thamani ya ndoo ya maji, hasa kwa mama anayeibeba kichwani. Basi tumieni maji yaliyooshea mchele au mboga, yasiyo na chumvi wala sabuni.

Pili, chombo na mwanga. Ndoo ndogo kuukuu inatosha, mradi itobolewe matundu chini. Changanyeni udongo na mchanga na mboji. Uwekwe karibu na dirisha, pasipo jua kali la moja kwa moja; gizani mabaka ya njano hufifia. Kiangazi futeni vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu.

Tatu, hakuna haja ya kununua mwingine. Kateni kipande cha shina chenye kifundo, pale jani linapoota, mkitumbukize kifundo hicho ndani ya maji. Baada ya wiki mbili tatu mizizi itaonekana, nanyi mtapanda.

Hapo ndipo penye hatari ya kwanza. Maji yaliyotuama kwenye chupa au kisahani ni mazalia ya mbu, wakiwemo wanaoeneza homa ya dengue, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Badilisheni maji mara mbili kwa wiki, na msugue chombo kwa ndani, maana mayai hunata ukutani.

Hatari ya pili ni kwa watoto. Utomvu na majani yake huchoma mdomo na kuuvimbisha. Usiwekwe katika darasa la chekechea wala mahali mtoto anapofikia. Akitafuna, asuuzwe mdomo, anywe maji. Akivimba au akishindwa kupumua vizuri, apelekwe zahanati mara moja.

Wapo wanaosema mmea huu husafisha hewa. Imani hiyo ilienea baada ya majaribio ya Marekani ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa katika jengo la kawaida mimea michache haileti tofauti. Katika chumba cha kusubiria, ambako mwenye kifua kikuu huweza kukaa na wenzake, kinga ni madirisha yaliyo wazi. Mmea usizibe dirisha.

Ndugu zangu, ombi langu ni moja. Kamati ikiamua kuweka mmea, iandike katika muhtasari wa kikao jina la mtu mmoja wa kuutunza, na la atakayeshika nafasi yake akisafiri. Wengine tuutazame tu. Mmea wa wote humwagiliwa na kila mtu, na maji ya chupa yake hayabadilishwi na yeyote.