Kipeperushi cha Kwanza cha Mbanguaji



Korosho za Masasi na Newala, kwa sehemu kubwa, huuzwa zikiwa ghafi. Mbanguaji mdogo anayeuza zilizokwisha kubanguliwa hana budi kujitafutia wanunuzi, na kipeperushi ndicho mjumbe wake. Lakini wengi humwendea msanifu mikono mitupu, wakimtaka awatengenezee "kitu kizuri". Ajuacho msanifu ni herufi, picha na nafasi. Maneno ni wajibu wa mwenye kazi.

Karatasi moja ikikunjwa mara mbili hutoa kurasa sita tu. Basi mbanguaji aamue kwanza: nani atasoma, kinauzwa nini, kwa uzito gani, wapi. Alama ya Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, isichapwe ila na aliyeruhusiwa kuitumia. Bei zibadilikazo kila msimu ziwekwe kwenye karatasi ya kando.

Hapa ndipo mwalimu na mtumishi wanapohitajika: kuisoma nakala ya majaribio kabla haijapigwa chapa. Tarakimu moja ya simu ikikosewa, nakala 1,000 huishia kufungia maandazi, na akiba ya kikundi imekwenda nazo.