Maneno ya Mwenyekiti: Jasho Letu Nalo Lina Bei



Miaka kumi tumeweka hisa na kukopeshana. Leo nataka tuongee bei.

Tuseme mama kapata tenda ya kupikia harusi ya watu 100. Anapiga hesabu ya mchele, nyama, mafuta, kuni, kukodi masufuria na nauli ya Bariadi: 320,000. Anataja laki nne, anafurahi kapata 80,000. Je, wapishi wanne, kila mmoja 20,000, nani atawalipa? Faida imekwisha hapo hapo, na rejesho la mkopo linamsubiri.

Kwa hiyo tuandike yote kwenye daftari kabla ya kutaja bei, na jasho letu pia. Gharama ni 400,000. Tukitaka katika kila shilingi 100 tutakayolipwa 20 iwe faida, basi gharama ni ile 80. Gawa 400,000 kwa 80, zidisha kwa 100: unapata 500,000, yaani sahani shilingi 5,000. Ukiongeza tu asilimia 20 juu ya gharama unapata 480,000, na hapo faida haifiki hata 17 katika 100.

Mteja akilia bei, mpunguzieni vitu kwenye sahani, msipunguze jasho lenu.