Ufa Ndani ya Bawa



Ndege ikitua Bujumbura tunauliza kama imechelewa. Leo tuulize jingine: ndani ya mabawa yake ameangalia nani, na kwa amri ya nani?

Tarehe 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo ya kampuni ya Dan-Air ilikuwa imetoka London, ikapitia Athens na Nairobi, sasa inakaribia kutua Lusaka. Bawa dogo la mkiani, upande wa kulia, likakatika angani. Watu 6 waliokuwamo wakafa wote. Ufa ulikuwa umekila chuma kwa maelfu ya safari. Wabunifu walikuwa wameweka akiba: kiungo kimoja kikikatika, vingine vibebe mzigo. Na kweli vikabeba, ndege ikaendelea kuruka vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Akiba ikawa pazia, mpaka nayo ikashindwa. Zilipokaguliwa ndege 521 za aina hiyo, 38 zilikutwa na nyufa. Mwaka uliofuata Marekani ikabadili kanuni: mtengenezaji ahesabu kwamba ufa utatokea, aseme utakua kwa kasi gani, na ukaguzi uje kabla haujafika pabaya.

Januari 2012 ikawa zamu ya mabawa ya Airbus A380, ndege ambazo Emirates ya Dubai inazo nyingi kuliko wote. Nyufa zilionekana kwenye vishikizo vinavyounganisha mbavu za bawa na ngozi yake. Airbus ikasema hakuna hatari ya haraka. EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya, likaamuru ukaguzi hata hivyo, na Februari likazijumuisha ndege zote 68 zilizokuwapo. Si kazi ya kupita na tochi: bawa ni tangi la mafuta, lazima likaushwe ndipo fundi ajipenyeze ndani.

Kwa nini kulazimisha? Mwenye boti ya ndagala anayekwenda ziwani mwenyewe hahitaji amri ili akague kalafati; maji yakiingia, anayezama ni yeye. Mwenye shirika la ndege yuko ofisini, na ndege iliyolala karakana haimwingizii hata faranga. Akiikagua kwa hiari, abiria wanahamia kwa mshindani. Amri inawalaza wote karakana.

Ila ndege nyingi zinazotua kwetu zimeandikishwa nchi nyingine, na nchi hizo ndizo zenye jukumu la kusimamia amri hizi. Mkaguzi wetu katika uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, Bujumbura, ataona matairi, milango, na makaratasi. Ufa wa ndani hatauona. Basi makaratasi hayo yasomwe kwa ukali. Mamlaka yetu ya anga, AACB, isiridhike na cheti cha jumla. Idai orodha ya amri zinazoihusu kila ndege na tarehe zilipotekelezwa. Shirika litakalosita kuonyesha litajwe hadharani, abiria ajue kabla hajakata tiketi.